Nyinyi mnaoandika riwaya za mapenzi ya enzi mbili, ya zamani na ya sasa, hebu kaeni hapa kidogo

Mwezi huu nimesoma miswada mitatu ya vijana wetu hapa Kisumu, na yote ina kitukuu anapata barua kwa sanduku la nyanya yake. Sanduku sina shida nalo. Lakini barua ya 1915 inataja mahari ya shilingi mia mbili, na watu wakati huo walikuwa wanatumia rupia! Jameni.

1. Chora taimulaini zote mbili kwa karatasi moja.

2. Kile kitu kinaunganisha enzi zako, kihakikishe kabla hujaandika hata sentensi. Mimi changu kilikuwa tikiti ya treni. 1917, kijana wa Butere amechukuliwa Kariakor kubebea Waingereza mizigo vitani, msichana anamsindikiza steshoni ya Butere, treni inaondoka, anabaki na tikiti mkononi, miaka mia baadaye kitukuu wake anaipata ndani ya Biblia na kuitafuta familia ya yule kijana mpaka anapenda mtu huko. Nililia nikiandika. Miaka miwili, kurasa mia tatu. Nikampelekea mzee mmoja jirani aliyefanya kazi reli, akanirudishia kidole kikiwa kwa hiyo kurasa: "Mwanangu, huyu alipanda treni gani? Kisumu reli ilifika 1901. Ya Butere ilikuja mwanzoni mwa miaka ya thelathini."

Steshoni haikuwepo. Bila steshoni hakuna tikiti, bila tikiti kitukuu hana sababu ya kutoka Nairobi, yaani mapenzi mawili yalikufa siku moja kwa varanda ya mzee. Miezi minne sikushika kalamu. Na huyo mzee nilikuwa namwamkia kila asubuhi nikienda soko, ningemuuliza tu.

Niliporudi nilimfanya msichana atembee, Butere mpaka Kisumu kwa miguu, nyuma ya wapagazi, na huko njiani ndio akamwambia kijana yale yote ambayo kwa steshoni hangepata nafasi ya kusema. Kitukuu naye anaifuata njia hiyo hiyo. Ndio chapta naipenda kuliko zote.

3. Koloni la Kenya ni 1920, na kabla ya 1902 Kisumu ilihesabiwa upande wa Uganda, kwa hivyo angalia mhusika wako anasema anaishi wapi.

4. Mhusika wa enzi ya sasa pia ana moyo, msimwache asome barua tu.

Wewe wa mahari, njoo Jumamosi na muswada wako twende kwa mzee. Beba sukari.