Kichina kazini: mwambieni bosi aanzie kwenye mashine

Mkuu, umeuliza kama inafaa kubaki kiwandani jioni kusoma Kichina kwa sababu bosi kaleta mwalimu na mashine zenu zote zimetoka China. Mimi niliyapitia hayo hapa Nyakato, Mwanza, kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni, nikiwa opereta. Soma, ila kwanza mbishane na bosi kuhusu mnachofundishwa na saa ya kufundishwa.

Sisi tulianzishiwa "ni hao", yaani salamu ya Kichina, kuhesabu na majina ya matunda. Kitabu kilikuwa cha HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, kiwango cha kwanza, maneno 150. Tufaha limo, moldi, ile kalibu ya kuumbia ndoo, haimo. Mtu kasimama masaa kumi na mbili, anawaza daladala ya Kisesa, unamfundisha tufaha! Wiki ya tatu nusu ya darasa walikuwa wanakoroma.

Sasa kilichotupata. Tulikuwa tumekariri kwamba "kai" ni washa. Siku hiyo ndoo iling'ang'ania kwenye moldi, fundi Mchina akaingiza koleo kuichokonoa, mara akapiga kelele: "Kai! Kai!" Mwenzangu akabonyeza kuwasha. Moldi ikajifunga, koleo likapondeka. Mkono aliuwahi kwa nukta. Kumbe alitaka moldi ifunguliwe zaidi. Neno ni lilelile, kufungua na kuwasha, kama sisi tunavyosema fungulia redio. Na niseme ukweli, swichi ya mlango wa usalama, ile inayozuia moldi kujifunga mlango ukiwa wazi, ilikuwa imefungwa waya ili isitucheleweshe. Hilo ni letu, tusiisingizie lugha.

Baada ya hapo darasa likahamia kwenye mashine, dakika ishirini ndani ya shifti, mwalimu na fundi wote wapo. Tukabandika karatasi pembeni ya skrini: 停 ni simama, 温度 ni joto, 开模 ni fungua moldi. Ndani ya mwezi nilikuwa nasoma skrini bila kumwita mtu. Fundi naye akalazimishwa kujifunza "subiri", "bado" na "toa mkono". Hiyo ya mwisho alikuwa anaitamka vizuri kuliko jina langu.

Sauti ndizo zitakutesa. "Mai" ukiishusha kisha ukaipandisha ni kununua, ukiiangusha kwa nguvu ni kuuza. Mie mtu wa Tanga nilichekwa sana. Vijana wa Kisukuma walitupita mbali, nadhani kwa sababu Kisukuma chenyewe kina sauti za kupanda na kushuka. Kama unacho nyumbani, umeshaanza.

Cheti cha Kichina sikuona kikiongeza mshahara pale nilipokuwa. Kilinisaidia nilipohama, kwa sababu huko walikuwa wanatafuta mtu wa kuongea na fundi wa mashine mpya.

La mwisho: mkipewa karatasi ya kusaini kwamba ukiacha kazi utarudisha gharama za mwalimu, nenda nayo nyumbani uisome. Mimi nilisaini nimesimama, ndoo zinatoka.