Saitokini si kingamwili

SWALI: Hujambo Mwalimu? Mimi huwafundisha akina mama wajawazito katika kliniki moja hapa Kisumu. Nimeandika bango: "Mama akiugua sana, kingamwili zake huathiri seli za ubongo unaokua wa mtoto." Mwenzangu anashikilia kwamba ni "zinazokua". Nani kati yetu amekosea?

JIBU: Sijambo, dada. Kwa upatanisho wa kisarufi hakuna aliyekosea, ila hamsemi jambo moja. "Unaokua" ni ubongo. "Zinazokua" ni seli. Ikiwa unakusudia zile ambazo bado hazijakomaa kuwa seli za neva, andika "seli changa za ubongo wa mtoto", ugomvi uishe. Ukisema "seli za ubongo mchanga" sarufi itakubali, lakini hapo Dunga, kando ya ziwa, kuna watakaofikiria mchanga wa ufukweni.

Kilichonishtua mimi ni "kingamwili". Hizo ni protini zinazomnasa mdudu fulani wa maradhi, na baadhi yake hupita kwenye kondo la nyuma zikamlinde mtoto miezi yake ya kwanza. Ndiyo sababu mama mjamzito hudungwa chanjo ya pepopunda. Sasa mama huyo akisoma bangoni kwamba kingamwili zake zinamdhuru mwanawe, atairudia sindano kweli?

Unachotafuta ni saitokini. Jina lilibuniwa mwaka 1974 kutokana na maneno ya Kigiriki ya seli na mwendo, na kwa Kiswahili ningeziita tarishi wa kinga: protini ndogo ambazo seli huzitoa ili kuzipasha nyingine habari kwamba adui ameingia. Maambukizi yakiwa makali, tarishi hujaa damuni. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwadunga panya wenye mimba saitokini moja, intalukini-6, mara moja tu, na watoto waliozaliwa wakawa na kasoro za tabia ukubwani. Hao ni panya, lakini. Bango lako lisiape kwa niaba ya kila mama.

Neno "huathiri" nalo lina mzigo. Asili yake ni alama tu, nzuri au mbaya, lakini tangu enzi za kampeni za Ukimwi, ukisikia "ameathirika" unajua ni msiba. Na saitokini si msiba. Kwa kiasi chake, ubongo wenyewe huzitumia unapojijenga. Shida ni zikizidi, au zikifika wakati usio wake. Hapo kitenzi ni "kuvuruga", tena kwa "huenda", si kwa "hu-" ya mazoea, maana "huvuruga" ni kusema hutokea kila mara.

Mimi ningeandika hivi: "Mama akipata maambukizi makali, saitokini mwilini mwake huongezeka, na zikizidi huenda zikavuruga ukuaji wa seli changa za ubongo wa mtoto. Ukihisi joto jingi mwilini, usingoje malaria ikulaze. Njoo kliniki."