Akriliki nyuma ya jiko la gesi? Hapana

Dada, kwa jikoni kwako hapo Kondele, akriliki, ile plastiki ngumu ya kufunika ukuta, iweke upande wa sinki tu. Nyuma ya jiko la gesi usithubutu: hulainika ikifika joto la nyuzi 100 hivi, na ukibandika sufuria kubwa ya ugali, moto hutambaa pembeni hadi ukutani. Hapo weka kioo kilichoimarishwa kwa moto kiwandani, cha milimita 6. Ila kioo hicho hakikatwi wala hakitobolewi tena. Ukijaribu, chote kinavunjika vipande vidogo vidogo. Kwa hivyo fundi apime matundu ya soketi kabla ya kuagiza, tena apime ukuta wenyewe, maana kuta zetu nyingi hazijanyooka. Plasta mpya iache ikauke kabisa, ndipo silikoni, gundi ya kubandikia kioo, ishike.