Elbphilharmonie ya Hamburg: si ya kupigia picha tu, na hamtasinzia

Mleta mada kauliza: ana siku mbili Hamburg kikazi, kaona picha za Elbphilharmonie, lile jengo la kumbi za muziki lenye vioo lililosimama bandarini kama jahazi lililotweka tanga. Je, apoteze nusu siku kulipanda, au alipige picha kutoka ng'ambo aende zake? Na mchangiaji mmoja hapo juu kamalizia kwamba muziki wa mle ni wa wazungu wenye suti, sisi tutasinzia tu.

Mimi naishi kaskazini mwa Ujerumani, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Hamburg. Mle ndani nimeingia mara tatu. Mara ya mwisho niliingia na ami yangu, mzee wa Unguja aliyepiga fidla kwenye taarab kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakusinzia. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, mwenye haraka aruke.

Nianze na jengo. Chini ni ghala, na ni ghala la kweli. Linaitwa Kaispeicher A, lilijengwa kati ya 1963 na 1966 kwa matofali mekundu, likawekwa kakao, chai na tumbaku. Madirisha yake ni vitundu tu, maana gunia la kakao halina haja ya kuchungulia nje. Makontena yalipoenea, ghala la namna ile likakosa kazi. Wasanifu Herzog & de Meuron wa Basel, Uswisi, wakalitoa matumbo yote, wakabakisha kuta, kisha wakapandisha juu yake jengo jingine la vioo lenye paa la mawimbi. Ncha ya juu kabisa inafika mita 110. Vioo ni kama 1,100, na vingi vimepindwa, ukivitazama kwa karibu ni kama mashavu ya samaki.

Wale mnaoamini kwamba mradi kupitiliza muda na bajeti ni ugonjwa wa kwetu peke yetu, njooni hapa mpate dawa. Jiwe la msingi liliwekwa 2007, jengo lifunguliwe 2010. Mwanzoni wananchi waliambiwa fungu la mji ni euro milioni 77. Mwishoni mwa 2011 kazi ikasimama kwa mwaka na zaidi, mji na mkandarasi wakivutana. Hesabu ilipofungwa, mji ulikuwa umetoa milioni 789, na ukijumlisha na michango ya watu binafsi na mengineyo, jengo zima likafika milioni 866. Tarehe 31 Oktoba 2016 waliwasha taa za madirishani zikaandika neno moja, FERTIG, yaani kwisha. Uzinduzi ukafanyika tarehe 11 Januari 2017. Sasa wenyeji wanaliita Elphi, kwa mapenzi yale ya mtoto aliyekusumbua sana utotoni halafu akasoma.

Kufika ni rahisi. Treni ya U3 inakushusha Baumwall, unavuka daraja kwa miguu. Lakini ukinisikiliza mimi, nenda Landungsbrücken upande feri namba 72. Ni usafiri wa kawaida wa mji, tiketi ile ile ya treni inatumika, na jengo unaliona likikujia kutoka majini, ndivyo lilivyokusudiwa kuonekana. Ami alipofika kwenye gati linaloelea hakulitazama jengo. Alitazama nguzo zenye ukoga wa kijani, akauliza: "Hapa maji yamekupwa?" Nikamwambia hapa ni mtoni, bahari iko zaidi ya kilomita 100. Akacheka. Nilitafuta kwenye simu, kumbe mto Elbe hapo Hamburg unakupwa na kujaa kwa zaidi ya mita tatu. Miaka yote hiyo nimepita pale sijawahi kutazama nguzo.

Mlangoni kuna ngazi ya umeme ambayo peke yake inatosha kukuleta. Ina urefu wa mita 82 na imepinda kama mgongo wa daraja, kwa hiyo ukiwa chini huuoni mwisho wake. Inachukua kama dakika mbili na nusu, kuta nyeupe zina vidoti vya kioo vinavyometa. Ami alishika mkono wa ngazi akanyamaza hadi juu. Juu ndiyo Plaza, mita 37 kutoka chini, pale ghala linapokwisha na vioo vinapoanza. Unaweza kuzunguka jengo zima kwa nje. Sisi tulichukua tiketi ya Plaza pale pale dirishani bila kulipa. Aliyetaka kujihakikishia saa yake mapema mtandaoni alilipa euro chache. Mambo ya bei hubadilika, angalia tovuti yao kabla hujatoka. Beba koti hata mwezi wa saba, upepo wa kule juu hauna adabu.

Kutoka Plaza unaona winchi za makontena upande wa pili wa mto, mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, na safu za maghala mekundu ya Speicherstadt ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Mzanzibari akisimama pale ana la kufikiria. Kampuni ya O'Swald ya mji huu ilikuwa na nyumba yake ya biashara Unguja tangu 1849, ikinunua, pamoja na mengine, kauri, yale makombe madogo ya baharini, na kuyapeleka Afrika Magharibi yalikotumika kama fedha. Na Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliletwa Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara wa hapa. Kaburi lake liko Ohlsdorf, tulikwenda kesho yake. Hiyo ni habari ya uzi mwingine.

Ukiishia Plaza, mleta mada, saa moja inatosha na hutajuta. Lakini hapo utakuwa umeona sanduku, hujaona kilichomo.

Ukumbi mkubwa una viti 2,100, na haukupangwa kama sinema. Wapigaji wako katikati, watu wamewazunguka pande zote kwa vipandevipande vinavyopanda kama matuta ya mlimani. Hakuna kiti kilicho zaidi ya mita 30 kutoka kwa kondakta (wa okestra, si wa daladala). Ukuta mzima na dari vimevaa vibao kama 10,000 vya jasi, hakuna viwili vinavyofanana, na vimechongwa vishimo vipatavyo milioni moja. Kazi ya sauti iliongozwa na Mjapani, Yasuhisa Toyota. Ukuta laini unairudisha sauti kama kioo kinavyorudisha mwanga, inakuchoma. Vile vishimo vinaipasua na kuitawanya, ikufikie kutoka kila upande. Ami alipita mkono ukutani akasema: "Matumbawe haya." Na kweli, ukitoa rangi, ni ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe uliobanduka chokaa.

Jambo lililonishangaza mimi zaidi halionekani. Ukumbi ule haujashikana na jengo. Ni chombo ndani ya chombo, uzito wake tani 12,500, na umekalishwa juu ya springi 362. Nje ni bandari: meli zinapiga honi, feri zinanguruma, juu kuna hoteli na nyumba za watu, Plaza imejaa watalii. Ndani husikii hata kimoja. Nimekaa kwenye misikiti mitupu usiku wa manane, sijawahi kukutana na ukimya wa namna ile wenye watu elfu mbili ndani yake.

Siku hiyo walipiga kazi ya Brahms, ambaye ni mtoto wa mji huu, alizaliwa Hamburg 1833. Kabla hawajaanza, obo ilitoa sauti moja ndefu na wote wakapatanisha nyuzi zao kwayo. Obo ni ndugu wa zumari, hupulizwa kupitia kilimi chembamba vile vile. Ami akaniinamia: "Sisi tulifuata kanuni. Hawa wanafuata zumari." Kanuni anayoisema ni ile ala ya nyuzi ya taarab, si sheria. Kuanzia hapo sikuwa na mgeni wa kumwelezea, yeye ndiye aliyekuwa akinielezea mimi, nani kakaza upinde, nani kachelewa nusu ya nusu.

Tukaharibu kidogo. Sehemu ya kwanza ilipokwisha ami akapiga makofi peke yake, makofi ya taarab, yenye mikono ya kweli. Ndani ya ukimya ule yalilia kama risasi. Desturi yao ni kungoja sehemu zote ziishe, na wewe usiyejua tazama majirani. Lakini hakuna aliyekunja uso. Mama wa kizungu wa kiti cha pili alimtabasamia. Baadaye, kwenye sehemu ya taratibu, mpiga fidla wa mbele alipomaliza kipande chake cha peke yake, nikaona mkono wa ami unaingia mfukoni. Ilikuwa noti ya euro tano. Nikamshika kifundo. Wenyewe mnajua, kwetu msanii akikupata moyoni unaondoka ulipo, unakwenda kwa mwendo wa madaha, unamtunza mbele za watu. Hapa ukishuka zile ngazi na noti mkononi watakutoa kwa heshima zote.

Mapumziko yalipofika nilimuuliza kaonaje. Akaniambia: "Mwanangu, umemsikia yule mpiga fidla alipouinua upinde?" Sikuelewa. Akasema miaka yote aliyopiga, harusini na kwenye maonyesho, penye feni, jenereta na vigelegele, hakuwahi kusikia noti inakufa. Daima mtu au kitu kiliifunika. "Leo nimeisikia mpaka mwisho wake." Kipindi cha pili nilisikiliza hilo tu, na nikalisikia.

Sasa viti, maana hapa ndipo mtu anapoweza kuumia. Mara yangu ya kwanza nilinunua kiti cha nyuma ya jukwaa kwa kuwa kilikuwa rahisi, na siku hiyo kulikuwa na mwanamama anayeimba. Kwa saa nzima nilisikia mgongo wake. Sauti ya binadamu inakwenda mdomo unakoelekea, na ukumbi wa mviringo haubadilishi hilo. Sikuwa wa kwanza: Januari 2019 mwimbaji Jonas Kaufmann alikatizwa na watazamaji waliopaza sauti kwamba hawamsikii. Kwa hiyo kama kuna mwimbaji, kaa mbele yake, hata ikiwa ni juu kabisa. Kama ni okestra tupu, kinyume chake: kiti cha nyuma ni neema, kondakta unamwona uso, na ngoma kubwa ziko miguuni pako. Ukipata nafasi ya kusogea, kinanda kikubwa cha Klais wa Bonn kina mabomba 4,765 yaliyopachikwa ukutani katikati ya viti, na baadhi unaruhusiwa kuyagusa.

Tiketi za bei ya chini zipo, siku ile nililipa pungufu ya euro ishirini kwa kila mmoja wetu, ila huisha haraka. Ukikosa, tazama tovuti yao kila siku, watu hurudisha. Kuna na ukumbi mdogo wa viti 550, wa mbao, ambao hupiga muziki wa kila aina. Habari ya suti sahau, nimeona watu wa jinzi na raba. Ami alivaa kanzu na koti juu yake, kofia yake ya kiua kichwani, akapigwa picha zaidi ya jengo. Koti unakabidhi chini ya ukumbi. Fika mapema, kwa sababu kutoka mtaani hadi kitini ni safari yenye ngazi nyingi sana, na ukichelewa hufunguliwi mpaka wapate pumziko. Mwenye magoti mabovu aombe lifti. Na kikohozi, wakuu, kohoeni kati ya sehemu na sehemu. Wote wanafanya hivyo, linasikika kama banda zima la kuku limeamka.

Tulitoka kama saa nne na nusu usiku. Pale Baumwall, chini ya reli, alikuwapo kijana anapiga akodiani, kikombe cha karatasi miguuni. Ami akasimama, akasikiliza mpaka kijana akamaliza. Kisha akaitoa ile noti ya euro tano, akaipandisha juu kwa vidole viwili, akamwendea taratibu kwa mabega, kanzu inapepea, akamzunguka mara moja ndipo akaiweka kikombeni. Yule kijana hakujua afanye nini, akaanza wimbo mwingine. Treni ikatupita juu ya vichwa, tukangoja iliyofuata.