Pikapu kuukuu: itengenezwe au ibadilishwe?
Ndugu, unasema pikapu ina miaka 18, inakula oili, gia zinagoma kuingia, na fundi anataka kufungua injini. Kabla hujampa hela, ingia uvunguni uigonge chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari zima) kwa nyundo. Chuma kikibonyea au kutoboka kwa kutu, iuze. Injini nzuri juu ya chesisi iliyooza ni hasara tupu.

Chesisi ikiwa nzima, fundi apime kwanza kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda. Moshi wa bluu unaotoka ukiwasha asubuhi kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu (vimpira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda), kazi ndogo. Ukitoka muda wote gari likibeba mzigo, shuku ringi za pistoni. Gia nazo, anzeni na klachi (mafundi wengine hukimbilia kushusha giaboksi!). Mimi ningeitengeneza, mradi spea zake bado zinapatikana.