Barua kwa mwanangu: wakishusha kodi, hela itatoka wapi?

Neema mwanangu,

Habari za huko, sisi huku wazima, baba yako mguu umepoa kidogo. Meseji yako niliiona ila nikasema hili sio swali la kujibu kwa voisi huku naosha vyombo, ngoja nikae chini. Uliniuliza hivi: kuna chama cha upinzani kimetoa sera mbadala ya uchumi, wanasema VAT itashuka, kodi ya mshahara itapungua, tozo za mafuta zitafutwa, halafu hapohapo afya bure na elimu bure mpaka chuo, sasa hela watatoa wapi mama, au ni maneno ya jukwaani tu? Na ukasema mwenzio hapo anasema wanasiasa wote ni walewale.

Mi siasa sijui sana ila vitabu vya wafanyabiashara nimevishika miaka na miaka, kwa hiyo nitakujibu kwa macho ya mshika vitabu. Kodi ikiondolewa sehemu, kama matumizi ni yaleyale, lazima kuna mtu mwingine anaibeba, iwe wewe mwenyewe kwa mlango wa nyuma, iwe tajiri fulani, iwe mwanao atakayekuja kulipa deni. Kwa hiyo mimi sera yoyote nikiisoma namtafuta huyo mtu. Wakimtaja, hata kama sikubaliani nao, najua hawa wamekaa na kalamu. Wasipomtaja naikunja naendelea na shughuli zangu.

Anza na slipu yako ya mshahara. Kazini wanakulipa 800,000. NSSF, mfuko wa pensheni, inakata asilimia 10, yaani 80,000, inabaki 720,000 ndiyo inayopigiwa PAYE, hiyo kodi ya mshahara. 270,000 ya kwanza haiguswi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, hiyo ni 20,000. Halafu 200,000 iliyobaki asilimia 20, ni 40,000. Jumla PAYE 60,000, na Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wote, 120,000, ndio maana benki inaingia 540,000 na wewe unanipigia tarehe 18 unasema mama hali mbaya.

Sasa chama kikija kikasema tutafuta ile asilimia 8, wewe unapata 20,000 kila mwezi, asante sana. Lakini angalia bosi wako wa milioni 5 naye anapata 20,000 hiyohiyo, na dada anayeuza mboga hapo nje kwenu hapati kitu, maana hana PAYE. Walioajiriwa rasmi nchi hii ni wachache ukilinganisha na watu wote wanaohangaika na maisha. Na asilimia ya hapo chini imeshashuka sana, 2016 ilitoka 11 ikaja 9, 2021 ikawa 8, na kiwango cha kutoguswa kilitoka 170,000 kikaja 270,000 mwaka 2020. Kelele za vyama vya wafanyakazi na za upinzani zilikuwemo humo. Sasa niambie wewe, maisha yamekuwa rahisi? Kwa sababu hela iliyotoka kwenye mshahara ilirudi kukuchukulia kwenye mafuta na kwenye simu.

Hapo kwenye kurudi ndio nataka usome vizuri. 2017 serikali ilifuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, watu wakashangilia, wenye magari wakapongezana, lakini palepale wakaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Yaani mtu mwenye koroboi akaanza kumlipia leseni mtu mwenye gari! Na kabla ya hapo, 2013, kulikuwa na kodi ya laini ya simu, shilingi 1,000 kila laini kila mwezi, Bunge likapitisha kabisa, nchi nzima ikapiga kelele, wapinzani wakaishikia bango, na hata ndani ya chama tawala wapo walioikataa, ikafutwa. Ilienda wapi? Ushuru wa huduma za simu ukapandishwa toka asilimia 14.5 mpaka 17. Tulishinda ile vita halafu tukailipia kwenye vocha.

Ndio maana nikisikia "tutafuta tozo za mafuta" siwacheki ila nauliza. Kwenye lita moja ya petroli kuna hela ya barabara, kuna hela ya umeme vijijini, kuna ushuru wa bidhaa, na 2023 wakaongeza shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa. Hiyo 100 ya mwisho mimi naona inaondoleka, ni uamuzi tu wa kuchelewesha mradi. Ila ile ya barabara ukiifuta bila kusema nani atawalipa TANROADS na TARURA wanaotengeneza barabara, mvua ya masika moja tu na nauli inapanda kuliko ulichookoa. 2022 mafuta yalipopaa serikali iliweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na hiyo bilioni 100 nayo ni kodi yako. Unaona inavyozunguka.

VAT nayo, kiwango chake cha kawaida ni 18 toka 2009, kabla ya hapo ilikuwa 20. Wapo wanaotaka ifike 16 kama Kenya. Kitu cha 118,000 dukani kingeshuka mpaka 116,000. Kwa karatasi. Mi nimewashikia vitabu wenye maduka ya vifaa vya ujenzi nakwambia ile 2,000 nusu yake haimfikii mteja, mwenye duka anaiacha kwenye faida kimya kimya, sio kwamba ni mwizi, ni biashara. Halafu mtu masikini kabisa ananunua mahindi, maharage, dagaa wa sokoni, vitu ambavyo vingi havina VAT tangu mwanzo. Mimi ningekuwa na chama ningeiacha VAT palepale ningekimbizana na mambo mengine. Lakini "VAT 16" inaingia vizuri kwenye bango, najua.

Haya, hela watatoa wapi. Ukisoma sera za upinzani wetu toka enzi hizo, hotuba za bajeti mbadala za kina Zitto Kabwe na baadaye Halima Mdee bungeni, utakuta sehemu tatu nne zilezile: misamaha ya kodi, madini, kubana matumizi ya serikali, na kuongeza walipa kodi. Hii ya kubana matumizi inapigiwa makofi kuliko zote na ndiyo ndogo kuliko zote. Uza mashangingi yote, futa semina zote, bado. Bajeti ya 2025/26 ni trilioni 56.49, mapato ya ndani ni trilioni 40 na kidogo, na deni na mishahara peke yake vinakula zaidi ya trilioni 20. Deni hulipunguzi kwa kuuza V8. Mishahara wanasema wataipandisha. Sasa huko kubana unabana wapi zaidi ya miradi?

Misamaha ndio kulikuwa na nyama. Mwaka wa fedha 2011/12 misamaha ya kodi ilifika kama trilioni 1.8 wakati bajeti nzima ilikuwa trilioni 13 na ushee, hebu fikiria. Wapinzani wakaipigia kelele kila mwaka, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, naye akaandika, mpaka ikaja sheria mpya ya VAT ya 2014 iliyopunguza mingi, ikaanza kufanya kazi Julai 2015. Ila kuwa makini na chama kinachosema "tutafuta misamaha yote", kwa sababu ndani ya hilo neno kuna kampuni kubwa na kuna dawa za hospitali pia. Waambie wataje ipi.

Madini ndio mfano ninaoupenda, maana unajibu na lile la mwenzio la walewale. 2007 Zitto alisimama bungeni kuhusu mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wakamsimamisha ubunge kwa muda, watu tukadhani imeishia hapo. Lakini mjadala ulishatoka nje, Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Bomani, na 2010 ikaja sheria mpya ya madini, mrabaha wa dhahabu, yaani ile sehemu ya thamani ya madini mchimbaji anayoilipa serikali, ukatoka asilimia 3 ukaja 4. 2017 Magufuli akaupeleka 6, akaongeza asilimia 1 ya ukaguzi na hisa za serikali zisizopungua 16. Wazo lililoanza kwa mtu kufukuzwa bungeni likaishia kuwa sheria ya chama kilichomfukuza. Na elimu bure ni hivyohivyo, Dk Slaa, mgombea urais wa Chadema, aliinadi 2010 akaambiwa haiwezekani, nchi haina uwezo, na Desemba 2015 serikali ya CCM ikatoa waraka, Januari 2016 watoto wa msingi na sekondari mpaka kidato cha nne hawalipi ada. Mdogo wako kasoma hivyo. Haikuwa imewezekana 2010, ikawezekana 2015, na waliosema haiwezekani wala hawakuona haya.

Kwa hiyo sera mbadala haina kazi moja tu ya kushinda uchaguzi. Katiba yenyewe imewafunga mikono, ibara ya 99 inasema Bunge halishughulikii muswada wa kuweka kodi mpaka pendekezo litoke kwa Rais na liletwe na Waziri, mbunge wa kawaida nafasi yake ni kwenye kupunguza tu. Na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti, sasa mbunge gani wa chama tawala atasema hapana jina lake likiitwa, na mkopo wa gari bado unaendelea? Mpinzani kilichobaki ni kumlazimisha Waziri ajibu hadharani, na kwenye kumbukumbu za Bunge ikae.

Hilo likikosekana unaona matokeo yake. Uchaguzi wa 2020 upinzani ulitoka na viti vya kuhesabu, Kambi Rasmi ya Upinzani bungeni haikuwepo tena, hotuba mbadala ya bajeti haikusomwa. Juni 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa kila muamala, ikapita vizuri kabisa watu wakigonga meza. Ilianza 15 Julai. Unakumbuka ulivyokuwa unanitumia hela ya dawa ya bibi, makato yanashinda dawa? Kilichofuata ni watu mtaani kurudi kubeba cash mfukoni, Septemba ikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena, 2023 ya kutuma kwa simu ikaondolewa. Miaka miwili kurekebisha kitu ambacho mtu mmoja mwenye kikokotoo na kipaza sauti bungeni angekionyesha siku ileile. ACT-Wazalendo wakaunda Baraza Kivuli lao nje ya Bunge, wanachambua bajeti mbele ya waandishi, ni vizuri, ila nje ya Bunge Waziri halazimiki kukujibu, anakunywa chai yake.

La kuongeza walipa kodi ndio nataka uwabane hasa hao vijana wako wa chama, kwa sababu kila chama kinaliandika na hakuna anayesema kwa namna gani. Wigo, wigo, wigo. Mfanyabiashara mdogo asiye na vitabu, mauzo ya milioni 4 mpaka 7 kwa mwaka analipa 100,000, kuanzia 7 mpaka 11 analipa 250,000. Sasa mtu wa milioni 6.9 na mtu wa milioni 7.1 wanapishana laki moja na nusu kwa tofauti ya mauzo ya laki mbili! Unadhani ataandika mauzo gani? Na akiwa na vitabu angelipa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni 4, huyo wa milioni 7.1 inakuja 93,000 badala ya 250,000, yaani nafuu kubwa, ila hakuna aliyemfundisha kuandika vitabu. Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 wakafunga tena Juni 2024, na ukiwasikiliza wengi hawakuwa wanasema kodi ni kubwa, walikuwa wanasema kamatakamata imezidi. Chama kikiniambia kitafundisha wafanyabiashara kushika vitabu, kitapunguza ngazi za ghafla kama hizo na afisa atakuja dukani na karatasi kabla ya askari, hapo nitajua wametembea. Hela ipo hapo, ila inakuja polepole, mwaka wa kwanza haitoshi kulipia chuo bure, wakisema itatosha ujue ni jukwaa.

Kwa hiyo jibu langu: punguzo la mafuta lile la shilingi 100 linawezekana, la mshahara linawezekana ila linawagusa wachache mkiwemo nyie, VAT sioni faida yake, elimu ya chuo bure kwa bajeti hii hapana, sio ndani ya miaka mitano. Afya ningetaka kuona wanaichangishaje kwanza. Mwenzio mwambie sio walewale, ila nao hawajamaliza hesabu.

Wakija tena huko kwenu nenda na karatasi yenye maswali, usiende na tisheti. Halafu ile hela ya saruji niliipata, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, fundi anaanza Jumatatu. Msalimie mkwe wangu.

Mama yako