Sweta Iliyopotea Si Kazi ya Mwalimu Mkuu: Maswali Yenu Kuhusu Shule za Msingi za Ireland

Barua zimerundikana tena kuhusu shule za msingi za Ireland, na nusu yake zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mbona mwalimu mkuu hakufanya hiki, mbona hakufanya kile? Mara nyingi jibu ni kwamba hakupaswa kukifanya yeye. Nimechagua zitakazowafaa wengi. Mnaouliza tarehe za likizo, kalenda mliyopewa Septemba bado iko mlangoni mwa friji.

Nimeanza mwaka huu kama mwalimu mkuu wa shule ya walimu wawili huko Mayo. Mwenyewe nafundisha darasa la tatu hadi la sita. Siku za kutoka darasani zinaniponyoka na mafaili hayapungui. Nifanyeje?

Wako wengi kama wewe. Zaidi ya nusu ya walimu wakuu wa shule za msingi nchini humo wanafundisha darasa lao wenyewe, na kwao swali la kwanza ni muda.

Unazo siku 37 kwa mwaka za kumwachia darasa mwalimu mwingine ufanye kazi ya ukuu, yaani moja kwa wiki. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuzichukua moja moja, maji yanapofika shingoni. Ukifanya hivyo unapata mwalimu wa kushikilia ambaye ni mgeni kila mara. Watoto wanampima, naye hajui nani anasoma kwa shida na nani anajifanya, na kabla ya saa tano unabishiwa hodi mara tatu. Siku hiyo umeitumia na hukufanya kitu.

Funga siku moja ya wiki, isibadilike. Kisha zungumza na shule jirani muunde kundi. Shule tano zenye siku 37 kila moja zina siku 185, nazo zinatosha mwaka mzima wa masomo. Hapo mnaweza kumwajiri mwalimu mmoja kwa mwaka mzima, akawa kwenu Jumanne, kwa jirani Jumatano, na kuendelea hivyo. Shule moja ndiyo inayobeba ajira yake na karatasi zake. Kufikia Novemba anajua majina ya watoto wote na mahali kila mmoja alipofikia katika hesabu. Ila mgawane siku kwa akili: atakayepewa Jumatatu atapunjwa na sikukuu za kitaifa, kwa hiyo pangeni fidia yake tangu mwanzo, msingoje ugomvi wa Mei.

Chagua pia siku ambayo katibu muhtasi yupo kazini. Katika shule ndogo huwa anakuja saa chache tu, na mwalimu mkuu aliyetoka darasani siku ambayo katibu hayupo anageuka kuwa mpokea simu.

Siku yenyewe ianze darasani kwa mwenzako, si kwenye kompyuta. Keti nusu saa, sikiliza watoto wakisoma, tazama madaftari. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea na ndiyo inayoliwa kwanza na mambo mengine. Baada ya hapo fanya nyaraka za kisheria, na mwisho wa siku wazazi waliopanga miadi. Mashine ya kunakili ikikwama, imekwama. Kuna namba ya fundi.

Tarehe moja usiichezee: 30 Septemba. Idadi ya wanafunzi walioandikishwa siku hiyo kwenye hifadhidata ya wizara ndiyo inayoamua walimu wa mwaka unaofuata. Shule kubwa ikisahau mtoto mmoja huenda isione tofauti. Shule ya walimu wawili inaweza kuona. Hesabu vichwa, linganisha na rejista, mwite katibu muhtasi ahesabu tena.

Mwanangu amepoteza sweta. Nimemwandikia mwalimu mkuu tangu Jumamosi usiku, hajajibu. Nilalamike wapi?

Kwenye kikapu cha vitu vilivyookotwa, karibu na mlango. Andika jina kwenye sweta ijayo.

Nimechaguliwa na wazazi wenzangu kuingia kwenye bodi ya shule. Sielewi wapi kazi ya bodi inaishia na ya mwalimu mkuu inaanzia. Wenzangu wanasema "mwachie mkuu".

Hao wenzako ndio ugonjwa wenyewe.

Bodi ya shule ya msingi kwa kawaida ina watu wanane: wawili wa mlezi wa shule, mwalimu mkuu, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, wazazi wawili, na wawili kutoka katika jamii. Muhula ni miaka minne na hakuna malipo. Mlezi, kwa karibu shule tisa katika kila kumi, ni askofu Mkatoliki. Sheria ya Elimu ya mwaka 1998 inaipa bodi usimamizi wa shule kwa niaba ya mlezi, na inampa mwalimu mkuu uendeshaji wa kila siku pamoja na uongozi wa walimu na wa ufundishaji, huku akiwajibika kwa bodi. Mwajiri wa walimu, mwenye dhamana ya usalama wa jengo na mwenye dhamana ya fedha ni bodi. Mwalimu mkuu ni mjumbe mmoja kati ya wanane.

Sasa tazama inavyokuwa. Bodi inamteua mweka hazina wa jina, halafu mwalimu mkuu anakaa jikoni kwake saa nne usiku akiingiza risiti za rangi ya ukuta. Hesabu za mwaka unaoishia 31 Agosti zinatakiwa kufika FSSU, kitengo kinachosaidia shule katika mambo ya fedha, kabla ya mwisho wa Februari. Kila Januari kuna shule zinazotafuta risiti za Oktoba ya mwaka juzi kwenye droo. Wewe kama una uzoefu wa hesabu, jitolee kuwa mweka hazina wa kweli. Kila malipo yaidhinishwe na watu wawili, risiti ibandikwe kwenye malipo yake siku hiyo hiyo, na taarifa ya benki ilinganishwe kila mwezi, isingoje muhula uishe.

Ndivyo ilivyo pia kwa matengenezo. Ruzuku ya kazi ndogo ndogo kwa miaka mingi imekuwa yuro 5,500 kwa shule, na yuro 18.50 juu yake kwa kila mwanafunzi wa darasa la kawaida. Shule ya watoto 40 inapata yuro 6,240. Kutafuta bei kwa mafundi watatu, kulinganisha na kusimama chini ya ngazi wakati mfereji wa paa unabadilishwa kunaweza kufanywa na mjumbe yeyote mwenye simu na mchana mmoja. Mkuu asiulizwe rangi ya bomba.

Yapo mambo mawili ambayo mkuu lazima ayalete mwenyewe katika kila kikao: taarifa ya ulinzi wa mtoto, na taarifa ya matukio ya uonevu kwa mujibu wa Bí Cineálta, utaratibu wa kuzuia uonevu shuleni uliotolewa mwaka 2024. Huletwa kwa idadi, bila majina ya watoto. Hata kama ni sifuri, iandikwe sifuri kwenye kumbukumbu. Wakaguzi huitafuta, na "hakukuwa na tukio kwa hiyo hatukuandika" haitawasaidia.

Je, mwalimu mkuu ajiunge na kundi la WhatsApp la wazazi?

Asijiunge.

Mimi ni mwalimu Dublin. Mtoto aliniambia jambo linalonitia wasiwasi kuhusu nyumbani kwao. Nimemweleza mwalimu mkuu. Kazi yangu imekwisha, sivyo?

Haijakwisha, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno kwa watu waliohudhuria mafunzo.

Tangu 11 Desemba 2017 kila mwalimu aliyesajiliwa ana wajibu wake mwenyewe kisheria wa kutoa taarifa Tusla, shirika la watoto na familia, wasiwasi unapofikia kiwango kilichowekwa. Mwalimu mkuu, ambaye kwa kawaida ndiye mtu wa mawasiliano katika mambo haya, hawezi kuubeba wajibu huo kwa niaba yako. Mnaweza kutuma taarifa ya pamoja, na ndiyo njia nzuri. Akiona haifai kutumwa, anatakiwa akupe sababu zake kwa maandishi, na wewe bado unaweza kutuma. Ukiona kiwango kimefikiwa, huna hiari.

Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Usimhoji, usimtilie maneno mdomoni, usimwahidi siri. Na usiende kuyasimulia kwenye chumba cha walimu kwa jina la "ushauri". Wakuu wengi wanalemewa na mambo haya kwa sababu walimu wanafikisha mzigo mlangoni na kuondoka. Naibu wa mtu wa mawasiliano yupo kwa mujibu wa taratibu, naye afundishwe kazi kabla hajahitajika.

Nimepewa cheo cha mwalimu msaidizi mwenye madaraka, ngazi ya pili. Mwalimu mkuu anataka niongoze mpango wa hesabu kwa shule nzima. Aliyenitangulia alikuwa akitunza vifaa vya michezo tu. Naweza kukataa?

Posho yenyewe hukuikataa.

Vyeo hivi viligandishwa mwaka 2009 wakati wa mdororo wa uchumi, na kwa miaka kadhaa kila aliyestaafu aliondoka na kazi zake zikaangukia meza ya mkuu. Baadhi ya mazoea mabaya unayoyaona leo yalizaliwa hapo. Waraka namba 44 wa mwaka 2019 unataka mahitaji ya shule yaorodheshwe kwanza, walimu washirikishwe, kisha kila mwenye cheo apewe eneo la uongozi linalohusu kujifunza kwa watoto au uendeshaji wa shule. Yote haya yawe kwa maandishi, na kila mwaka utoe ripoti. Kabati la mipira halitoshi kuwa eneo la uongozi.

Unachoweza kudai ni muda na mipaka. Zile saa 36 za ziada za mwaka ambazo walimu wote wanadaiwa, omba sehemu yake itengwe kwa hesabu, ikiwa na ajenda yako. Na mkuu akishakukabidhi, asirudi nyuma kuifanya mwenyewe usiku. Wapo wakuu wa aina hiyo, nao wanajimaliza.

Mwanangu amesimamishwa shule siku nne na mwalimu mkuu peke yake. Ni halali?

Uliza bodi imemkasimia mamlaka ya siku ngapi. Mwongozo unazungumzia siku tatu. Zaidi ya hapo ni jambo la bodi, isipokuwa katika hali za pekee ambapo bodi inaweza kumruhusu kufika siku tano. Siku za kusimamishwa zikijumlika 20 ndani ya mwaka mmoja wa masomo, mzazi ana haki ya rufaa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu. Lakini soma kwanza kanuni za nidhamu ulizozitia sahihi wakati wa kuandikisha mtoto.

Mwalimu mkuu amemnyima mtoto wetu nafasi katika darasa maalumu la watoto wenye usonji. Ana roho mbaya. Tumwandikie waziri?

Darasa hilo lina watoto sita kwa mwalimu mmoja. Likijaa, limejaa, na mkuu hana kiti cha saba mfukoni. Mwanya wenu ni huu: kama mmekataliwa kwa sababu ya kujaa, iombeni bodi kwa maandishi ipitie uamuzi ndani ya siku 21, na baada ya hapo rufaa haizidi siku 63 tangu uamuzi wa kukataa. Wengi wanapoteza haki yao kwa kutumia wiki tatu za kwanza kugombana getini. Wakati huo huo mtafuteni ofisa wa mahitaji maalumu wa NCSE, baraza la taifa la elimu maalumu, wa eneo lenu, maana yeye ndiye anayejua nafasi zilizopo katika shule nyingine.

Tumetumiwa barua ya "mchango wa hiari". Tusipolipa, mtoto atatengwa?

Hiari ni hiari. Mtoto hanyimwi chochote wala jina lake halitajwi. Nawaonya wakuu vilevile: anayekaa na orodha ya wasiolipa anajitafutia kesi, na hakuajiriwa kuwa mkusanya madeni.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi Mombasa, uzoefu ninao. Naweza kuomba ukuu wa shule Ireland?

Kwanza usajiliwe na Baraza la Ualimu la huko. Kwa shule ya msingi utatakiwa kutimiza sharti la lugha ya Kiayalandi, kusoma, kuandika na kuifundisha, na linapimwa. Wanaodhani Kiingereza chao kinatosha huwa wananiandikia tena baada ya kukata tiketi.

Nimeteuliwa mwalimu mkuu kuanzia Septemba ijayo. Msaada naupata wapi, na nianze na lipi?

Anza na Oide, huduma ya wizara iliyoundwa Septemba 2023 kwa kuunganisha asasi kadhaa za mafunzo ya walimu. Omba mshauri mzoefu wa kukushika mkono mwaka wa kwanza, na uombe mapema. IPPN, mtandao wa walimu wakuu wa shule za msingi, una vikundi vya wakuu wanaokutana kwa siri na kuzungumza bila woga. Jiunge na kimoja hata kama unaona huna muda, maana asiye na muda ndiye anayekihitaji. Haki zako za kazi ni mambo ya chama cha walimu, INTO. Maswali ya bodi kama mwajiri, kwa shule za Kikatoliki, yaende CPSMA, chama cha usimamizi wa shule za msingi za Kikatoliki, tena yapigiwe simu na mwenyekiti wa bodi. Wakuu wengi hupiga simu hiyo wao kwa mambo ya mwenyekiti, na hivyo ndivyo kazi inavyohama.

Kabla mtangulizi wako hajaondoka, pata vitu hivi mkononi: nywila za mifumo ya wizara, taarifa ya usalama ya jengo, faili la uchunguzi wa polisi kwa kila mfanyakazi na mtu wa kujitolea, na orodha ya watoto wenye dawa za dharura pamoja na mahali dawa zilipo. Uliza pia ni nani ameandikishwa kwa kampuni ya kengele ya wizi. Kama ni jina la mkuu peke yake, simu ya saa tisa usiku mwezi wa Agosti ni yako. Ongeza majina mawili ya wajumbe wa bodi wanaokaa karibu na shule.